Nani Ataezeka? Matunzo ya Nyumba za Urithi Tanga na Pwani ya Kaskazini

Pita mitaa ya Ngamiani, barabara kwa barabara kama zilivyohesabiwa, na utakuta nyumba ambazo ukiuliza mwenyewe ni nani utatajiwa mtu aliyekwisha kufa. Watoto wake wapo, wajukuu wana ndevu, lakini nyumba bado ni ya marehemu: kwenye hati, kwenye ankara ya maji, na kwenye vinywa vya majirani. Ndani anakaa binti mmoja na wanawe, chumba cha mbele kina mpangaji, bati la upande wa uani limeoza, na kila masika beseni huwekwa palepale. Kaka mkubwa yuko Dar es Salaam, wa pili Muscat, dada mdogo ameolewa Korogwe. Wote ni wenye nyumba, na hakuna anayemkana mwenzake. Kilichowashinda ni kuamua nani ataezeka.

Ugomvi wa nyumba za urithi husimuliwa zaidi kwa upande wa dhuluma: nani kauza kwa siri, mjane gani katolewa vyombo nje. Hayo yapo na yanauma. Lakini kwa ninavyoona Tanga mjini, Pangani na Mkinga, nyumba nyingi zaidi haziporwi na mtu. Zinaanguka polepole mikononi mwa ndugu wanaopendana, kwa kuwa hawakukubaliana mapema gharama ya bati watagawanaje. Wanaoahirisha mazungumzo hayo hujipa moyo kwamba mambo yakiharibika sheria itaamua. Sheria haitaamua, si ya dini wala ya serikali, na hilo ningependa kila mrithi alijue kabla mvua hazijaanza.

Nyumba ya Kiswahili ya Tanga ilijengwa ijilipie yenyewe. Ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, baraza mbele, na nyuma uani penye jiko na choo. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, mwaka uleule Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge, na pamoja na bandari ikavuta watu waliotafuta kazi. Watu hao walihitaji chumba, hawakuhitaji nyumba nzima. Mzee mwenye uwezo alijenga vyumba sita, akakaa viwili na kupangisha vinne, na kodi ya vinne ikanunua makuti, na baadaye mabati. Paa lilikuwa na mlipaji wake: mpangaji.

Mpango huo ulitegemea mji wenye kazi. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000 za mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa haifiki tani 30,000. Viwanda vingi vya mji navyo vilifungwa. Kodi ya chumba ikawa haitoshi kuezekea, na watoto ambao wangeshika nyundo wenyewe wakawa wamekwenda mbali. Sehemu ya jibu la zamani ilikuwa uchumi wa mji, na waliobaki na nyumba walilaumiana kana kwamba tatizo lilikuwa tabia zao tu.

Bahari nayo haisubiri kikao. Upepo wa chumvi hula bati kuanzia kwenye tundu la msumari, na bati la geji 30, ambalo wengi hununua kwa kuwa ni rahisi, ni jembamba kuliko la geji 28 na hutoboka mapema. Mbao za kenchi zisizotiwa dawa huliwa na mchwa bila mtu kujua hadi siku fundi anapopanda. Shimo la choo hujaa. Gharama hizi hazifanani na ada ya shule, ambayo unajua tarehe yake. Huja ghafla, kubwa, na humkuta yule aliyelala ndani.

Tuanze na mahakama. Mtu akifa, familia husoma hitima, hungoja arobaini, na mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Ni adabu njema kutozungumza mali katika siku hizo. Baadaye kikao cha familia humteua msimamizi wa mirathi, muhtasari huandikwa, na Mahakama ya Mwanzo humthibitisha, ikiwa mirathi inafuata sheria ya Kiislamu au mila. Kanuni za mwaka 1971 zinamtaka msimamizi awasilishe orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5 ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, kisha atoe hesabu kwa Fomu Na. 6. Familia nyingi huishia pale pa kupata barua ya usimamizi. Nyumba haigawanywi wala haihamishwi kwa majina ya warithi, na msimamizi, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya, kulipa madeni na kugawa, anageuka kuwa mlezi wa nyumba kwa miaka ishirini. Anapokea kodi, analipa anavyoona, na hakuna anayemwomba hesabu kwa kuwa ni kaka mkubwa na kumwomba hesabu ni kama kumvunjia heshima. Akifa yeye, anatafutwa msimamizi mwingine wa mirathi ya mtu ambaye wajukuu hawakumwona.

Kuna madhara ya papo kwa papo ya hali hiyo. Mirathi ikiwa haijafungwa, ugomvi wa warithi juu ya nyumba mahali pake ni mahakama iliyomteua msimamizi. Ndugu wengi hukimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, wanatumia nauli na miezi, kisha wanaambiwa wamegonga mlango usio wao. Baraza la Kata nalo tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, halitoi hukumu. Kwa hiyo anayetaka kurudishiwa fedha ya bati lazima kwanza afufue jalada la mirathi lililolala tangu baba alipozikwa.

Familia zinazomaliza mirathi zinakutana na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ambayo inatambua namna mbili za kumiliki pamoja. Moja ni ile ambayo mmoja akifa sehemu yake inabaki kwa waliosalia. Ya pili ni umiliki wa hisa, ambapo kila mmoja ana sehemu yake isiyokatwa mpaka, na akifa sehemu hiyo inakwenda kwa warithi wake. Nyumba ya urithi wa Kiislamu inaingia kwenye namna ya pili, maana faraidhi imekwisha kutaja sehemu za kila mtu. Sheria hiyo inatoa njia ya kuomba mgawanyo, na pale mgawanyo usipowezekana, kuuza. Kuhusu kuezeka, haimwambii mrithi wa Korogwe alete shilingi ngapi.

Wapo watakaosema tuwaulize masheikh, na ni haki kuuliza, kwa kuwa pwani hii wengi hufuata madhehebu ya Shafi. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho ni nguzo ya madhehebu hayo, suala hili limo katika mlango wa suluhu, kwa mfano wa ukuta wa watu wawili. Ukuta ukianguka, mmoja anaweza kumlazimisha mwenzake washirikiane kuujenga? Kwa kauli mpya ya Imam Shafi, ambayo ndiyo inayotegemewa, hawezi. Akitaka kujenga kwa vifaa vyake mwenyewe hazuiwi, na alichokijenga ni mali yake. Anaweza hata kukibomoa. Wakishirikiana kuujenga kwa mawe yaleyale ya zamani, ukuta unarudi kuwa wa wote kama ulivyokuwa. Na mmoja akiujenga peke yake kwa mawe hayo huku mwenzake amemwekea sharti la kumwongezea sehemu, inajuzu, na nyongeza hiyo ni badala ya kazi aliyoifanya katika fungu la mwenziwe.

Sasa nenda upande wa Waingereza, ambao sheria zao za kawaida zilipokelewa Tanganyika kufikia tarehe 22 Julai 1920. Katika shauri la Leigh dhidi ya Dickeson la mwaka 1884, mahakama ya rufaa ya Uingereza ilisema mwenye hisa aliyekarabati nyumba kwa hiari yake hawezi kumshitaki mwenzake amlipe nusu. Atasubiri hadi siku mali itakapogawanywa au kuuzwa, hapo ndipo matengenezo yake yatakapoingizwa kwenye hesabu.

Mapokeo mawili yaliyokulia mbali kiasi hicho yamefika karibu pamoja: hulazimishwi kukarabati mali ya shirika, na aliyekarabati bila makubaliano amejitia mwenyewe. Sababu yake inaeleweka. Sheria ikiruhusu mwenye fedha akarabati apendavyo kisha adai, tajiri mmoja katika familia ataweka vigae na madirisha ya aluminiamu, ampelekee dada yake bili asiyoiweza, na mwisho achukue hisa yake kwa deni. Katazo linamlinda mnyonge asiye na fedha. Lakini katazo hilohilo linamwacha mnyonge mwingine, yule aliyekopa kwenye kikoba chake akaziba paa kwa kuwa watoto walilala kwenye maji.

Kwa maoni yangu thamani ya maneno ya Nawawi iko kwenye lile sharti la nyongeza. Kinachokatazwa ni kulazimisha baada ya tendo. Kukubaliana kabla ya tendo kumefunguliwa mlango mpana, hata kufikia kubadili hisa. Na pwani yetu haioni ajabu jengo kuwa na hesabu yake na kiwanja hesabu yake. Minazi inaweza kuwa ya mtu huyu na shamba la yule. Mombasa kuna maelfu ya nyumba ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi. Watu waliozoea kutenganisha mnazi na udongo wake wanaweza kutenganisha paa jipya na kuta za zamani, mradi waandike.

Wakiketi kuandika, wasiweke gharama zote kapu moja. Umeme, maji, na taka ni gharama za kukaa. Anayekaa alipe, na kaka wa Muscat asiulizwe. Paa, ukuta, choo na nguzo ni gharama za nyumba kubaki nyumba. Hizo ni za wenye hisa wote, wakae wasikae. Vigae, rangi na feni ni starehe au nyongeza, na za aliyetaka. Kuna utata katikati: choo kinachojaa kimejazwa na wanaokaa, lakini shimo lililobomoka ni la nyumba. Hayo fundi mwaminifu huyatofautisha kwa dakika moja.

Kodi za serikali ndizo zinazovuruga zaidi mpaka huu. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Anayewajibika kisheria ni mwenye jengo, lakini anayeumia kila mwezi ni anayenunua umeme, yaani binti anayekaa au mpangaji wake. Shilingi 18,000 kwa mwaka si fedha ya kugombana, lakini kwa miaka kumi ni 180,000 iliyolipwa na mtu mmoja kwa niaba ya wote, na ushahidi wake ni jumbe za simu zinazofutika simu ikiharibika. Kodi ya pango la ardhi ni kinyume chake. Haimgusi anayekaa, hivyo haikumbukwi hadi siku mtu anapotaka kubadilisha hati, na hapo hukutwa malimbikizo ya miaka.

Tuje kwenye mafungu, maana hapa ndipo ninapoona dhuluma ambayo haikukusudiwa na mtu. Chukua baba aliyeacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mke ana thumni, sehemu moja kati ya nane. Saba zilizobaki zinagawanywa kwa watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke: kila mwana wa kiume mbili ya nane, kila binti moja ya nane. Paa linahitaji shilingi 2,400,000. Kikao kinakaa, mtu mwenye nia njema anasema "tuko sita, kila mmoja alete laki nne", na wote wanaitika. Kwa hisa zao, mama na mabinti walipaswa kutoa 300,000 kila mmoja, na wana wa kiume 600,000 kila mmoja. Mchango wa usawa umewatoza wanawake wanne laki moja moja ya ziada na kuwapunguzia wanaume wawili laki mbili mbili. Siku ya kuuza, hakuna atakayesema "tuko sita". Watahesabu kwa nane. Wanawake wa familia hiyo wamechangia bati kama wanaume na kurithi kama wanawake.

Nimesikia jibu kwamba kaka mwenye uwezo kwa kawaida hutoa zaidi. Ni kweli, na Mungu awalipe. Lakini atoe akijua kipi ni wajibu wa hisa yake na kipi ni hisani. Hata fungu la mama, ambalo watoto wengi hulilipa na ni haki walilipe ikiwa hana kipato, lihesabiwe kama matunzo ya mama. Lisije likatajwa siku ya mauzo kama deni juu ya thumni yake.

Mwana mmoja akifa, mbili zake za nane zinakatwa tena kwa mke wake na watoto wake. Wanazuoni wa faraidhi wana hesabu maalumu ya mirathi zinazofuatana kabla ya kugawanywa, munasakhat, na ni ngumu. Familia iliyoacha nyumba bila kugawa kwa vizazi vitatu inaweza kuwa na warithi arobaini, wengine wenye hisa isiyonunua hata bati moja. Hapo mchango wa hisa unakufa wenyewe kwa sababu gharama ya kuukusanya inazidi unachokusanya.

Suala zito kuliko yote ni la anayekaa. Ndugu wa mbali humwona kama mpangaji asiyelipa, kwa kuwa anatumia vyumba sita kwa hisa ya moja ya nane. Yeye hujiona mlinzi asiyelipwa. Wote wana hoja. Nyumba iliyofungwa karibu na bahari huoza upesi kuliko inayokaliwa: hakuna wa kuona tundu la kwanza, hakuna wa kufungua madirisha, vibaka huchukua milango. Na mara nyingi aliyebaki amebaki kwa sababu mama mgonjwa alihitaji mtu wa kumgeuza kitandani, wakati wengine walikuwa wakijenga kwao.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakupata zaidi siku ile kutokana na mambo mengine ya shauri lake. Hukumu hiyo inahusu wanandoa na Sheria ya Ndoa ya 1971. Haimpi dada hisa kwenye nyumba ya baba, na asiitegemee mahakamani kwa hilo. Lakini fikra yake inafaa kwenye kikao cha ndugu: jasho la kulea na kulinda lina thamani inayoweza kuandikwa. Pendekezo langu ni kwamba anayekaa asidaiwe kodi kwa vyumba anavyovitumia kwa uhalisi, na badala yake matengenezo madogo yote yawe yake. Vyumba vya kupangisha viwe vya wote, na kodi yake isigawanywe hata senti kabla ya kutoa fungu la paa.

Pangani mambo ni magumu zaidi. Mji ule ulikuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe, na katika karne ya 19 kingo za mto zililimwa miwa. Fedha hizo zilijenga nyumba za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Warithi wake leo wametawanyika Unguja, Mombasa, Oman. Nyumba ya namna hii haivumilii ukarabati wa pupa. Fundi wa siku hizi hupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, na saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, hadi ukuta unamomonyoka nyuma ya lipu inayong'aa. Boriti ya mkoko haikatwi ovyo, maana misitu ya mikoko imehifadhiwa na uvunaji wake una vibali. Na dari likishapasuka, maji huingia katikati ya ukuta mnene na kuosha chokaa inayoshikilia mawe. Kuanzia hapo gharama haipandi kwa ngazi, inaruka kadiri ukuta unavyoporomoka. Mrithi anayesema kutoka Muscat "ngojeni mwaka ujao nitatuma" pengine anasema kwa moyo safi, lakini mwaka mmoja umebadilisha kazi ya kuziba ufa kuwa kazi ya kujenga upya, na kwa nyumba hizo nyingi kujenga upya hakuna.

Wazee wa pwani walikuwa na chombo cha kukwepa haya yote: wakf ya familia. Nyumba inafungwa, haiuzwi wala hairithiwi kwa vipande, kizazi kwa kizazi kinafaidika, na fiqhi inataka mapato yatengeneze jengo kwanza, ndipo wanufaika wale. Ukiondoa jina lake, ndiyo kanuni niliyoitaja hapo juu ya fungu la paa. Wakoloni waliitikisa. Mapema miaka ya 1950 shauri la wakf ya familia ya Mombasa lilifika mahakama ya juu ya dola ya Uingereza mjini London, ikaamuliwa kwamba wakf inayofaidisha ukoo tu, na maskini wakatajwa kwa mbali, ni batili, japo wanazuoni wa Kiislamu waliikubali. Kenya iliihalalisha kwa sheria yake. Zanzibar, nyumba za wakf za Mji Mkongwe, ulioingia urithi wa dunia mwaka 2000, zinaonyesha udhaifu mwingine: kodi zake zilikaa chini mno kwa miaka mingi, na wakf isiyo na mapato ina kanuni nzuri na paa bovu. Kwa nyumba ndogo ya Makorora au Chumbageni, hapa Tanga mjini, sioni wakf ikiokoa kitu ikiwa hakuna chumba kinachopangishika.

Kaskazini, kwa Wadigo wa Mkinga, lipo jambo la ziada. Urithi wa kale ulipita upande wa mama, mali ya mtu ikaenda kwa watoto wa dada yake, na Uislamu ukaja na watoto wa marehemu mwenyewe. Faraidhi imeshika nafasi kubwa, lakini mjomba bado ana sauti kikaoni. Namheshimu mjomba. Tatizo ni mwenye sauti asiye na hisa kuamua kwamba nyumba isiuzwe, iezekwe kwa heshima ya ukoo, kisha akaondoka bila kuacha mchango.

Makubaliano yenyewe yanatosha ukurasa mmoja. Yataje hisa za kila mrithi kwa sehemu. Yaseme kiasi ambacho anayekaa anaweza kutumia bila kuuliza, tuseme laki moja, na kwamba zaidi ya hapo atatuma picha na bei ya fundi kwa wote. Yaseme pia asiyejibu ndani ya siku kumi na nne amekubali. Bila kifungu hicho ukimya wa mtu mmoja Muscat unaua nyumba Ngamiani. Fedha zikae kwenye akaunti ya kikundi ya simu kama M-Koba, ambapo kila mchango na kila toleo huonekana na wote, ili kaka mkubwa asiombwe hesabu na heshima yake isiguswe.

Asiyechangia je? Wengi huandika deni. Mimi naona deni la shilingi ni mtego, kwa kuwa ndugu Waislamu hawatatozana riba, na shilingi inapungua nguvu kila mwaka. Aliyekwepa laki tatu leo akizilipa baada ya miaka kumi na tano amelipa thamani ya mabati machache. Anayechelewa ndiye anayefaidika, na kila mtu kikaoni analijua hilo hata kama halisemwi. Lile sharti la nyongeza ya hisa ni la haki zaidi: aliyebeba fungu la mwenzake, kwa ridhaa iliyoandikwa kabla ya kazi, anaongezewa sehemu iliyotajwa wazi. Hisa inapanda na kushuka pamoja na nyumba.

Na bei za viwanja zinapanda. Bandari ya Tanga imechimbwa kina na kupanuliwa, bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda linaishia Chongoleani, Tanga, na barabara ya Tanga hadi Bagamoyo kupitia Pangani inajengwa pamoja na daraja juu ya Mto Pangani. Madalali wanapita. Kiwanja chenye gofu kinaweza kuzidi bei ya nyumba nzima ya miaka ya nyuma, na mrithi wa mbali ambaye hakutuma hata msumari sasa anapiga simu. Sheria ya Ardhi haimruhusu kuuza hisa yake kwa mtu wa nje bila ridhaa ya maandishi ya wenzake, lakini nayo ridhaa haipaswi kuzuiwa bila sababu ya maana. Anaweza pia kuomba nyumba igawanywe, na kwa kuwa vyumba sita havikatiki mafungu manane, mwisho wake ni kuuza.

Siogopi kuuza. Familia iliyofika kizazi cha tatu bila makubaliano ingefanya vyema kumwuzia mmoja wao anayeitaka, kwa bei ya mthamini, kuliko kuzika nyumba kwa jina la kuienzi. Ninachosisitiza ni mpangilio wa hesabu siku hiyo. Tuseme nyumba ya yule baba imeuzwa shilingi 40,000,000, na binti aliyekaa ndiye aliyelipa peke yake paa la 2,400,000. Fedha ya paa inatoka kwanza kurudi kwake. Zinabaki 37,600,000, kila sehemu ya nane ni 4,700,000, na binti anaondoka na 7,100,000. Ndugu wakikataa paa kwa kuwa hakuna kilichoandikwa, wanagawana 40,000,000 kwa nane, na yeye anapewa 5,000,000 sawa na dada zake ambao hawakulala kwenye maji. Shilingi 2,100,000 zilizo kati ya hesabu hizi mbili zinategemea karatasi moja yenye saini za warithi sita na risiti za duka la vifaa vya ujenzi.